Agiliti ni nini, na kwa nini koni peke yake haziipimi

Watu wakisikia agiliti wanawaza koni. Unazipanga kiwanjani, kijana anapita zigizaga, unabonyeza saa, mwenye sekunde chache ndio mwepesi basi. Kiukweli hapo umepima kitu cha maana, uwezo wa kubadili uelekeo, ila agiliti yenyewe bado hujaigusa.

Maana inayofuatwa sana na wataalamu wa michezo ni ile ya Sheppard na Young ya mwaka 2006, kwamba ni mwili mzima kubadili kasi au uelekeo kwa haraka kwa kujibu kitu fulani, yani umeona au umesikia kitu ndio ukageuka. Hicho kipande cha kujibu ndicho tunachokisahau. Kwenye koni mchezaji anajua toka mwanzo atakunja wapi, lakini beki anayemsubiri winga hajui, na winga anamuuzia bega la kushoto afu anapita kulia.

Spidi nayo ni kitu kingine. Inapimwa kwa mbio za kunyooka, mita 10 kuona mtu anavyochomoka na mita 30 kuona akishashika kasi. Usain Bolt mwenye rekodi ya 9.58 kwenye mita 100 alienda kufanya majaribio na Central Coast Mariners ya Australia mwaka 2018, akafunga mawili kwenye mechi ya kirafiki, lakini hawakuafikiana kwenye mkataba akaondoka, na mpira unadai mengi zaidi ya miguu inayokimbia.

Kuna kipimo kinaitwa 505 nakipenda sana kwa sababu hakihitaji hela. Kijana anakimbia mita 10 za kupasha kasi, akivuka mstari saa inaanza, anaenda mita 5 mbele, anageuka nyuma kabisa, anarudi mita 5, saa inasimama. Sasa chukua huo muda utoe muda wake wa mita 10 za kunyooka. Tuseme 505 katumia 2.5 na mita 10 katumia 1.8, hiyo 0.7 inayobaki ndio gharama ya kugeuka kwake. Bila kutoa hivo, mwenye mbio nyingi ataficha ubovu wake wa kugeuka kwenye mbio zake na wewe utamsifia. Ila kama unatumia saa ya mkononi ashike mtu mmoja tu mwanzo mwisho, na tofauti ya 0.1 usiigombanie, kidole chenyewe kinakosea zaidi ya hapo.

Sasa kupima maamuzi. Panga herufi Y, mchezaji anakuja mbio katikati, mbele yake kuna mtu anayekatia kushoto au kulia ghafla, na yeye lazima amfuate. Akili inatumika hapo. Kwenye utafiti wa wachezaji wa mpira wa Australia (ule wao wa kushika na mikono, sio soka) uliotoka 2006 hiyohiyo, mbio za kunyooka na za kugeuka kwa mpango hazikuwatofautisha wa daraja la juu na wa chini, kipimo cha kujibu ndicho kiliwatofautisha. Na tumia mtu ukiweza badala ya taa ya kuonyesha upande, taa ikiwaka haina kiuno wala bega, wakati mchezaji mzuri anasoma kiuno na bega kabla mguu haujatua.

Nina kijana wa miaka 15, beki wa kulia, kwenye koni hakuna wa kumgusa, kwenye mechi anapitwa kila siku na nilikuwa namgombeza kwa uvivu. Nilimuonea. Tukafanya ile Y, mwenzake akiwa na mpira, nikamrekodi kwa simu, slomosheni, tukakaa chini ya mwembe tunaangalia wote wawili. Mwenzake anapinda kiuno, yeye katulia, mwenzake anakanyaga chini, yeye bado katulia, mwenzake keshaondoka ndio na yeye anaanza, na macho muda wote yapo kwenye mpira. Nikairudisha mara tatu. Akasema, "Kocha, kumbe sikiangalii kiuno kabisa."

Tangu siku hiyo kabla ya mazoezi anacheza mmoja kwa mmoja na mwenzake dakika 5 bila mpira, kazi yake kusoma kiuno tu, na kila Jumamosi tunarudia Y na video.