Kamera ya Sanderson: Usikaze Kinacholegea

Tangu idara yetu ianze kampeni ya kupokea vifaa vya picha vya zamani kutoka kwa wananchi, malalamiko yamekuwa mengi kuliko kamera. Mengi yanahusu aina moja ya kamera ya mbao ya kukunja, Sanderson, hasa kwamba ubao wake wa mbele unaoshika lenzi unachezacheza, kwa hiyo tunayajibu kwa pamoja.

Frederick Sanderson alikuwa seremala wa samani na mchongaji wa mbao na mawe mjini Cambridge, Uingereza. Alipenda kupiga picha za majengo. Ukiielekeza kamera juu ili mnara uingie wote, kuta huonekana zimeegemeana huko kileleni. Dawa yake inafahamika: kioo cha nyuma, kinachopokea picha, kibaki wima, lenzi ndiyo ipandishwe. Taabu ni kwamba kamera nyingi za kukunja hazikumpa nafasi ya kutosha. Basi akabuni mikono bapa ya shaba yenye mianya mirefu, ikaushika ubao wa lenzi pande zote mbili. Ubao unapanda, unashuka, unainama mbele au nyuma, kisha unakazwa kwa skrubu za vidole popote ulipofika. Alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mbuni, mwaka 1895. Kampuni ya Houghton ya London ikauza kamera hiyo hadi miaka ya 1930, jina la seremala likabaki juu yake.

Kwa hiyo ubao unaochezacheza si ubovu. Tumeletewa kamera zilizopigwa misumari hapo mbele, nyingine zimemwagiwa gundi, na mwenyewe anaeleza kwa fahari kwamba ameitengeneza. Hakutengeneza kitu. Kabla ya kuifunga, legeza skrubu, rudisha ubao wima na katikati, sukuma lenzi nyuma kwenye reli, ndipo ukunje. Ikikataa, iache.

Aina iliyokusudiwa nchi za joto ni ya msaji uliong'arishwa na kukazwa kwa shaba, kwa kuwa gundi na ngozi haziaminiki penye unyevu na wadudu. Mvukuto wake, ule mfuko wa makunyanzi kati ya lenzi na nyuma ya kamera, hata hivyo huota ukungu kama mwingine wowote. Na shaba msiisugue kwa dawa ya kung'arishia, tafadhali.

Kuhusu sheria. Wapo wanaoificha kamera wakidhani watanyang'anywa, na wapo wanaodai kumiliki hazina ya taifa yenye thamani ya mamilioni. Kwa vitu vinavyohamishika, vitabu na nyaraka kando, sheria ya Kenya ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Hesabu mwenyewe: hataza ni ya mwaka huohuo, na kibandiko kikisomeka Houghtons Ltd, jina ambalo kampuni ilianza kulitumia 1904, kamera haijatangulia mwaka huo. Pamoja na hayo tunatoa tahadhari. Sheria hiyohiyo inampa waziri uwezo wa kutangaza vitu vingine kuwa vya kulindwa, na milango ya kuchongwa ya kabla ya 1946 imo tayari. Kusafirisha vitu vinavyolindwa nje ya nchi bila kibali ni kosa, na mkosaji hukabiliwa na faini au kifungo. Asiye na uhakika aulize kabla ya kutuma kifurushi, asingoje kuulizwa uwanja wa ndege.

Anayeleta kamera aje na kitambulisho na nakala yake. Atajaza fomu ya zawadi au fomu ya kuazimisha, moja tu kati ya hizo, na kutia sahihi mbele ya ofisa. Kamera ya urithi iambatane na maandishi ya ridhaa ya ndugu wengine. Tumechoka kuamua kesi za familia kaunta. Stakabadhi tunayotoa ni ya mapokezi, haitaji bei, na hatukadirii bei.

Vioo vya picha vikipatikana kwenye sanduku, visioshwe. Vifungwe kimoja kimoja kwa karatasi safi. Vibebeo vyake, yaani vikasha bapa vinavyozuia mwanga, visifunguliwe kabisa, maana huenda picha iliyomo haijasafishwa kwa dawa, na mwanga utaiharibu.