Injini Kubwa Pekee Haifanyi Gari Kuukuu Kuwa Hotrodi

Wapo wapenda magari hapa Nakuru wanaoamini kwamba gari kuukuu la mizigo, lile lenye bodi iliyofungwa bila madirisha ubavuni, huwa hotrodi, yaani gari la zamani lililoboreshwa ili liende kasi, mara tu linapowekewa injini yenye nguvu na kupakwa rangi ya kung'aa. Imani hiyo si sahihi, na ni ya hatari.

Tazama mfano wa magari ya zamani ya Ford: injini ya V8, yenye silinda nane, ambayo kampuni hiyo iliitoa mwaka wa 1932 ilikuwa na nguvu farasi 65, na magari yake yaliendelea kutumia breki za kuvutwa kwa vyuma hadi yalipopata breki za mafuta mwaka wa 1939. Mwendo ukiongezeka maradufu, nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza huwa mara nne. Kwa hiyo anayefunga injini ya kisasa na kuacha breki za ngoma za zamani, kisha akateremka kuelekea Salgaa, ambako hata malori yenye breki kubwa yamewahi kushindwa kusimama, anajitakia balaa.

Gari la aina hii lina tatizo jingine: likiwa tupu, nyuma ni jepesi, na dereva akikanyaga breki kwa nguvu uzito huhamia mbele, magurudumu ya nyuma yakafunga na gari likayumba. Fundi makini hurekebisha mgawanyo wa breki, huimarisha chesisi (fremu ya gari) na difu (gia zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu), ndipo afikirie injini. Kukata springi ili gari liinamie barabara, mtindo unaopendwa mno, hakusaidii lolote katika hayo.