Kambwa kuruka ruka haimaanishi moyo uko sawa

Hapa Nairobi watu husema kambwa kakiwa kachangamfu basi moyo uko poa, lakini si hivyo jamani. Chukua German Shepherd, wako kwa mageti mengi hapa: wengine hurithi shida ya kamshipa kanakounganisha aota, ule mshipa mkubwa unaotoa damu kwa moyo kwenda mwilini, na mshipa wa mapafu, kanafaa kujifunga siku chache baada ya kuzaliwa, sasa kakibaki wazi damu inarudi mapafuni na upande wa kushoto wa moyo unachoka polepole huku yeye anacheza tu. Daktari wa mifugo akiweka stethoskopu juu karibu na kwapa la kushoto anasikia mngurumo usiokatika, saa zingine hata kiganja chako kinahisi mtetemo. Kamshipa hufungwa kwa upasuaji, mapema ndio poa. Na tafadhali, hata akipona asizalishwe.