Kutulia tu na mtoto mchanga: maswali na majibu

Mtoto wangu ana wiki tatu, akiamka akishanyonya anabaki ananikodolea macho tu. Nimfanyie nini, nimchezeshe?

Wala usihangaike mama, hapo anakusoma. Kichanga anaona vizuri vitu vilivyo sentimita 20 mpaka 30 hivi kutoka usoni kwake, na huo ndo umbali wa uso wako ukiwa umempakata ananyonya, zaidi ya hapo ni ukungu ukungu. Na sauti yako anaijua toka tumboni maana miezi ile ya mwisho ya mimba mtoto anasikia. Kwa hiyo muangalie, mwambie neno taratibu afu nyamaza, mpe muda, yeye ni mzito kujibu kuliko sisi, anaweza akakaa kimya we ukadhani hajasikia kumbe ndo anajiandaa kuchezesha mdomo au kurusha mkono. Kwenye wiki ya 6 mpaka ya 8 ataanza kukutabasamia, na vile visauti vya "aguu" vinakuja, akitoa kimoja mjibu, akinyamaza na wewe nyamaza. Huko kupokezana ndo kunajenga ubongo wake, wataalamu wanaita malezi yenye mwitikio, na WHO, UNICEF na Benki ya Dunia walivyotoa mwongozo wao wa malezi mwaka 2018 waliliweka sambamba kabisa na lishe na matibabu. Midoli ya kuwaka taa hahitaji, kwa umri huo uso wako unamtosha.

Nitajuaje kama bado anataka au kachoka?

Swali zuri sana hili, na naomba ulishike kuliko mengine yote. Mtoto anayetaka kuendelea macho yanang'aa, mwili umetulia haujakaza, anakutazama. Akichoka anageuza uso pembeni, anapiga miayo, kwikwi inaanza, anatanua vidole, anajipinda mgongo, na usipoelewa hapo ndo analia, yani kilio ni cha mwisho kabisa baada ya ishara zote hizo kupita. Sasa watu wengi mtoto akigeuza uso wanaufuata huohuo upande aliogeukia, wanapiga makofi, wanamtikisia kichezeo, na yeye alikua anapumzika tu dakika moja arudi mwenyewe. Muache. Usimuite. Ukikaa kimya ukasubiri utashangaa anakurudia na macho yake. Kipindi cha arobaini ndo balaa, wageni wanapokezana mtoto toka asubuhi, jioni mnahangaika analia mnasema chango, na kuna siku kachoka tu kushikwashikwa. Mchukue ingia nae chumbani, sema kwa heshima mtoto anapumzika, hakuna atakayekulaumu.

Mama mkwe anasema namzoesha mikono, atadeka.

Mheshimu mama, ila kwa miezi hii ya mwanzo kichanga hana uwezo wa kukufanyia ujanja, analia kwa sababu ana shida, njaa, mkojo, baridi au anataka joto lako tu. Kuna mtafiti anaitwa Mary Ainsworth, mwaka 1954 na 1955 alikua Uganda, akawa anazitembelea familia 26 vijijini karibu na Kampala anaangalia mama na watoto wanavyoishi. Watoto ambao mama zao walikua wanawaelewa vizuri na kuwaitikia ndo walikua hawalii sana, na walikua na ujasiri wa kutambaa kwenda kuchunguza vitu kisha wanarudi kwa mama. Na bibi zetu hawahawa ndo waliotubeba mgongoni kutwa nzima, kwa hiyo mkumbushe kwa upole.

Siku 84 za likizo zimeisha. Natoka kazini, foleni, nafika usiku nimechoka hoi. Huo muda nautoa wapi?

Hautafuti muda mpya, unatumia uleule. Unamnyonyesha, unamuogesha, unampaka mafuta, unambadilisha nepi, hayo yote yapo tayari, punguza spidi tu. Ukifika nawa mikono, badili nguo, jifungie nae kitandani umnyonyeshe taa ikiwa hafifu, vyombo vitaoshwa baadae au na mwingine. Dakika chache ukiwa upo kwelikweli zinamtosha kuliko saa nzima akili iko kwingine.

Na simu je? Naichezea akiwa ananyonya.

Kujibu meseji sio dhambi. Ila ujue Marekani kwenye miaka ya 1970 Edward Tronick na wenzake walifanya jaribio, mama anacheza na mtoto vizuri kisha anaambiwa akaushe uso asimjibu chochote, na mtoto anahangaika, anatabasamu, anajaribu tena, mwisho anageuka pembeni kanyong'onyea. Mama akirudi, taratibu mtoto nae anarudi. Kwa hiyo ukishajibu meseji weka chini, rudi kwake. Katuni kwa aliye chini ya mwaka 1 WHO walisema toka 2019 asiwekewe kabisa.

Baba anaweza au ni mambo ya mama tu?

Anaweza sana! Avue shati, amlaze kifuani ngozi kwa ngozi, amfunike kanga. Njia hii ya kangaruu ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978 kwa watoto njiti, na WHO tangu 2022 wanashauri njiti na wenye uzito mdogo waanzishiwe mara tu wakizaliwa, masaa 8 mpaka 24 kwa siku. Mtoto wa uzito wa kawaida nae anafaidi. Ila baba akianza kusinzia kwenye kochi mtoto atolewe alazwe chali sehemu yake, kochi ni hatari, mtoto anaweza kubanwa akakosa hewa.

Mimi sisikii raha yoyote nikiwa nae, nalia tu.

Pole sana dada yangu. Machozi ya siku za mwanzo ni kawaida, ila yakizidi wiki mbili, au ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto (hapa hata usisubiri hizo wiki mbili), nenda kituo cha afya uwaambie wazi, ni ugonjwa na unatibika. Na akilia mpaka unahisi unapasuka, mlaze chali salama, toka nje uvute pumzi, kamwe usimtikise.

Wangu ni mtulivu mno, ni sawa?

Akiwa ananyonya vizuri na akiamka anakuangalia, sawa. Ila akigoma kunyonya, haamki hata ukimgusa, kalegea, mwili wa moto au wa baridi, kifua kinabonyea, anahema mara 60 au zaidi kwa dakika, degedege, au viganja na nyayo za njano, huo sio utulivu, mpeleke hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane.