Maana ya Kula bila Kuzingatia: Mtoto, Mlo na Runinga

Kula bila kuzingatia ni hali ya mtu kutafuna na kumeza chakula huku akili yake ikiwa imetekwa na jambo jingine, na kwa watoto jambo hilo mara nyingi huwa runinga.

Uzito wa dhana hii unatokana na namna shibe inavyofanya kazi. Tumbo linapoanza kujaa, neva na homoni hupeleka taarifa kwenye ubongo, na taarifa hizo huchukua muda, ambao kwa kawaida hukadiriwa kuwa dakika 20 hivi, kabla mlaji hajajihisi ameshiba. Dalili yenyewe ni ya chinichini, hivyo mtoto aliyezama katika katuni huipita bila kuitambua. Vilevile, hamu ya chakula kilekile hupungua kadiri mtu anavyoendelea kukila, lakini macho yakiwa kwenye kioo upungufu huo huchelewa. Hata kumbukumbu inahusika, kwa kuwa mlo ambao mtoto haukumbuki vizuri haumzuii ipasavyo kutaka vitafunio saa chache baadaye.

Si kila mtoto hula kupita kiasi. Wapo, hasa wadogo, ambao husahau chakula kabisa, wakabaki wamekodoa macho na tonge limetulia shavuni. Kuna pia mzazi anayewasha runinga makusudi ili mtoto msumbufu afungue kinywa, na wasiwasi wake naufahamu, maana kumwona mtoto akikataa chakula kunaumiza. Hata hivyo, hilo ndilo linalonisikitisha zaidi: mtoto huyo anajifunza kwamba mlo huisha sahani inapokuwa tupu au kipindi kinapokwisha, ilhali alizaliwa na uwezo wa kugeuza uso anaposhiba.

Matangazo ya vinywaji vyenye sukari na vyakula vyenye chumvi na mafuta mengi huongeza tatizo, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zipunguze matangazo ya aina hiyo yanayowafikia watoto. Mwaka 2019 shirika hilo lilishauri kwamba mtoto wa mwaka 1 asitazame skrini akiwa ameketi, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Milo miwili ya nusu saa mbele ya runinga inatosha kuimaliza saa hiyo yote.