Utungisho ni nini, na hutokea wapi?

Utungisho ni kitendo cha mbegu ya kiume kuingia ndani ya yai na viini vya hizo mbili kuungana, ikapatikana seli moja. Wengi hudhani hayo hufanyika ndani ya mfuko wa uzazi. Sivyo. Hufanyika kwenye mrija wa uzazi, njia nyembamba ya sentimita 10 hadi 12 inayotoka pembeni mwa mfuko kuelekea ovari, kiungo kinachotunza mayai.

Mtoto wa kike huzaliwa na akiba yake yote ya mayai machanga, kati ya milioni 1 na 2. Akibalehe yamebaki laki chache, na yatakayopevuka na kutoka maishani mwake ni kama 400 au 500 tu, kwa kawaida moja kwa mwezi. Ajabu ni kwamba ovari haijaungana na mdomo wa mrija. Yai huchomoka, likadakwa na vijidole laini vilivyozunguka mdomo huo. Halina mkia wala haliogelei. Husukumwa na vinyweleo vilivyotanda ndani ya mrija. Lisipopata mbegu ndani ya saa 24 hivi, hufa.

Mwanamume hana akiba ya kuzaliwa nayo: korodani huunda mbegu kila siku kuanzia balehe. Zimening'inia nje kwa sababu kazi hiyo hutaka joto pungufu ya lile la mwili kwa nyuzi 2 hadi 4. Mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kukamilika, kwa hiyo homa kali ya leo huweza kuonekana kwenye vipimo vya mbegu wiki kadhaa baadaye. Shahawa yenyewe kwa sehemu kubwa si mbegu, bali ni majimaji ya vifuko vya shahawa na tezi dume, yanayozilisha mbegu na kuzikinga na asidi ya uke.

Mamilioni huanza safari, zikafika mrijani mamia tu. Huweza kukaa hai hadi siku 5, ndiyo maana tendo la siku kadhaa kabla ya yai kutoka bado hutunga mimba. Moja ikishapenya, ganda la yai hubadilika na kuzifungia nje nyingine. Jinsia ya mtoto huamuliwa na kromosomu, nyuzi za urithi zilizo ndani ya seli: X mbili ni msichana, X na Y ni mvulana. Na kwa kuwa yai daima hubeba kromosomu X, ilhali mbegu hubeba X au Y, kumlaumu mama kwa kuzaa wasichana watupu ni kumwonea.

Seli hiyo huanza kujigawa huku ikisukumwa taratibu, na kama siku ya 6 hujipachika kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Mrija ukiwa na makovu, kwa mfano ya magonjwa ya zinaa kama klamidia au kisonono, mimba hiyo changa huweza kukwama humo na kuendelea kukua. Hiyo ndiyo mimba ya nje ya kizazi. Mrija huweza kupasuka na kuvuja damu tumboni, hivyo mjamzito mwenye maumivu makali chini ya tumbo au kizunguzungu awahishwe hospitali.