Khatibu akiwa mimbarini: dhana potofu na ukweli katika madhehebu manne

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba anayeingia msikitini hotuba ya Ijumaa ikiwa imeanza hana budi kuketi moja kwa moja, na kwamba anayesimama kusali rakaa mbili za maamkizi ya msikiti amekosa adabu. Nilimwona kijana wa pwani, aliyelelewa katika madhehebu ya Shafii, akivutwa kanzu na mzee katika msikiti wa Kihanafi, akaikata sala yake na kuketi uso umemwiva. Kila mmoja wao alikuwa na hoja ya madhehebu yake. Mahanafi na Mamaliki wanamtaka aketi, kwa kuwa kusikiliza hotuba kwao ni wajibu na sunna haiutangulii wajibu. Mashafii na Mahanbali wanamtaka asali, wakishika hadithi ya Sulayk al-Ghatafani, aliyeingia na kuketi Mtume (s.a.w.) akihutubu, naye akaamrishwa asimame asali rakaa mbili na azifupishe. Lakini hapa sisi Mashafii nasi huvuka mpaka: ruhusa hiyo ni ya aingiaye tu na sharti lake ni wepesi, wala aliyekwisha keti haruhusiwi kuanzisha sunna nyingine khatibu akiwa ameketi mimbarini. Anayeinuka wakati huo kwa sababu ameona mwenzake anasali, amefanya lile lile ambalo madhehebu yake yanamkataza.

Wengi pia huamini kuwa kunena wakati wa hotuba ni haramu kwa kauli moja ya wanazuoni wote. Hadithi ya Abu Hurayra, iliyopokewa na wakusanyaji wa hadithi Bukhari na Muslim, ni nzito kweli: ukimwambia mwenzako “nyamaza” siku ya Ijumaa imamu akihutubu, umefanya upuuzi. Katika misikiti mingi ya pwani muadhini huisoma hadithi hiyo kwa sauti kabla khatibu hajaanza, na waliokuwa wakinong’ona hukatika ghafla. Mahanafi, Mamaliki na Mahanbali wameifahamu kuwa inaharamisha. Imamu Shafii, katika kauli yake mpya, yaani rai yake ya baadaye, aliona kunena ni makuruhu (hakupendezi, lakini si haramu) na kunyamaza ni sunna, kwa kuwa bedui alisimama Mtume akihutubu akamweleza jinsi mifugo inavyoangamia kwa ukame, naye hakumkemea bali aliinua mikono kuomba mvua. Kwa msingi huo huo, Mshafii aliyetolewa salamu wakati wa hotuba analazimika kuijibu, ijapokuwa kuitoa salamu yenyewe ni makuruhu. Mhanafi aliyeketi ubavuni mwake hatakiwi kuijibu, na asidhaniwe kuwa ana kiburi.

Kutokana na hadithi hiyo ya Abu Hurayra, na nyingine isemayo kwamba mwenye kufanya upuuzi hana Ijumaa, baadhi ya watu humwambia aliyenena kwamba sala yake imebatilika na airudie. Hakuna hata madhehebu moja kati ya haya manne yanayosema hivyo. Wanazuoni wamefasiri kuwa anachokosa ni fadhila na thawabu kamili za Ijumaa, na hasara hiyo peke yake yatosha kumtisha mwenye kuijua.

Jirani na hilo ni dhana kwamba hotuba mbili zimechukua nafasi ya rakaa mbili za Adhuhuri, hivyo aliyezikosa asali nne. Haikuzuka hewani, kwani imepokewa kutoka kwa baadhi ya tabiina (kizazi kilichowafuata maswahaba), wakiwamo Ata na Tawus, lakini madhehebu manne hayakuifuata. Aliyeidiriki rakaa moja pamoja na imamu ameipata Ijumaa, naye huongeza moja. Aliyeingia imamu akiwa ameinuka kutoka rukuu ya rakaa ya pili hukamilisha nne kwa Mashafii, Mamaliki na Mahanbali, ilhali Abu Hanifa anasema amalize mbili, hata akiwa amemkuta imamu katika tahiyatu.

Kuhusu lugha, husemwa kwamba hotuba yenye Kiswahili si hotuba. Kwa Mashafii sharti la Kiarabu limefungwa kwenye nguzo tano: kumhimidi Mwenyezi Mungu, kumsalia Mtume, kuusia ucha Mungu, kusoma aya na kuwaombea waumini. Mawaidha yaliyo kati ya nguzo hizo yakiwa kwa Kiswahili hayaibatilishi, mradi yasiwe marefu kiasi cha kuzitenganisha. Abu Hanifa aliruhusu lugha yoyote, ilhali Mamaliki wameshikilia Kiarabu kwa ukali zaidi.

Lililobaki hatuulizani kabisa, kwa kudhani kuwa kimya cha mdomo kinatosha. Muslim amepokea kwamba mwenye kuchezea changarawe amefanya upuuzi, na sijui changarawe ipi ya zama zetu iliyo kubwa kuliko simu inayopekuliwa chini ya kanzu. Hata sanduku la sadaka linalopitishwa safu kwa safu hotuba ikiendelea, likigongagonga sarafu huku kila mtu akipapasa mfuko wake, limo katika mambo yaliyokaraishwa na vitabu vya Kishafii, kwa sababu linawashughulisha watu wasisikilize. Lingewekwa mlangoni, watu wangelipitia wakitoka.